Mizani ya Ubongo na Kengele ya Frere Town: Je, Vipimo vya MRI Vinaaminika?

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Walinena hivyo bila ya kuacha mizani ya kuzipimia akili hizo. Katika karne hii ya 21 mizani hiyo inadaiwa kupatikana. Kama si ya akili yenyewe, basi ya ubongo unaoibeba. Mashine ya MRI, ambayo hapo awali ilimwonyesha daktari picha tu, sasa hutoa tarakimu pia: ujazo wa ubongo kwa mililita, unene wa gamba lake kwa milimita, na muda ambao tishu zake huchukua kutulia baada ya kushtuliwa na mawimbi ya redio. Tarakimu hizo huandikwa pamoja na desimali zake, na aghalabu msomaji huzipokea kama kauli ya mwisho.

Makala haya yanashikilia kwamba tarakimu hizo si kauli ya mwisho. Zina manufaa makubwa, na zimekwisha kuokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, haifai zitumiwe kumwamulia mgonjwa jambo zito, wala kuutolea umma hukumu, kabla ya maswali matatu kujibiwa: Je, kipimo kikirudiwa kitatoa jibu lile lile? Je, jibu hilo liko karibu na ukweli kwa kiasi gani? Na je, mgonjwa analinganishwa na nani?

Maswali hayo yanajadiliwa hapa kwa kuuzingatia mtaa wa Frere Town, ulioko bara ya kaskazini, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Frere Town iliasisiwa mwaka 1875 na shirika la kimisheni la CMS, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, mkataba ambao ujumbe wa Sir Bartle Frere ulikuwa umetumwa kuudai. Waliopewa makao hapo walikuwa watu waliookolewa kutoka majahazini, na wengi wao asili yao ilikuwa mbali na Mombasa, katika nchi zilizo kandokando ya Ziwa Nyasa na kusini mwake. Katika makutano ya Kengeleni umesimama mnara wa kengele, na inasimuliwa kwamba kengele hiyo ililizwa kuwatahadharisha wakazi kila wafanyabiashara ya watumwa walipokaribia.

Kengele ya namna hiyo ina masharti mawili. Isilie pasipo na adui, na isinyamaze adui ajapo. Ikilia ovyo, watu huizoea na kuidharau. Ikinyamaza wakati wa hatari, watu huchukuliwa. Kipimo cha ubongo nacho ni kengele, na chafaa kuhukumiwa kwa masharti hayo hayo.

Tarakimu za Mwaka 1934

Kenya imewahi kupimiwa ubongo, na kumbukumbu ya jambo hilo haipaswi kufifia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Daktari H. L. Gordon, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alidai kwamba Mwafrika wa Kenya alizaliwa na upungufu wa akili usioweza kuondolewa na elimu. Mwenzake, F. W. Vint, aliyekuwa mtaalamu wa patholojia katika maabara ya serikali ya kikoloni, alizipima bongo zilizotolewa katika maiti za hospitali. Mwaka 1934 jarida la anatomia la Uingereza lilichapisha matokeo yake. Alidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ulikuwa na uzito pungufu ya ule wa Mzungu kwa takriban asilimia 10, na kwamba gamba lake lilikuwa jembamba kwa takriban asilimia 15.

Zilikuwa tarakimu safi, zilizopatikana kwa mizani na darubini. Lakini maswali ya msingi hayakujibiwa ipasavyo. Uzito wa ubongo hutegemea ukubwa wa mwili, umri, lishe ya utotoni, maradhi yaliyomuua mtu, na hata saa zilizopita baina ya kifo na kupimwa. Unene wa gamba lililokatwa hutegemea dawa lililohifadhiwa ndani yake, maana dawa hizo hulinywesha ama hulifinya. Wanaolinganishwa wasipokuwa sawa katika mambo hayo yote, tofauti inayoonekana haijulikani imetoka wapi. Aidha, hata kama tofauti ingekuwa ya kweli, hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba gramu kadhaa za ubongo ndizo akili. Mwamba ngoma huvutia kwake. Walowezi waliotaka sababu ya kuwanyima Waafrika elimu na ardhi waliipata katika asilimia hizo.

Madai hayo yalipofika London yalizua mabishano, na serikali ya Uingereza haikukubali kugharamia utafiti mkubwa ulioombwa. Hata hivyo, tarakimu zilikwisha kutoka na hazikurudi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyewahi pia kuiongoza hospitali ya Mathari, na ndani yake vipimo vya Vint vikatajwa tena kama ushahidi. Ilibidi Frantz Fanon aje kumpinga Carothers waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1961. Asilimia zilizopatikana kwa njia yenye kasoro zilidumu kwa takriban miaka 20 katika vitabu vya watu wenye heshima zao.

Sadfa moja inastahili kutajwa katika jarida la Kiswahili. Mwaka huo huo wa 1934, ndipo James Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, mwana wa mtu aliyekombolewa utumwani, alipochapishiwa kitabu chake cha Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Wakati ambapo jarida la wanasayansi lilikuwa likitangaza wembamba wa gamba la ubongo wa Mwafrika, Mwafrika huyo alikuwa ameketi akiandika historia ya watu wake kwa nathari ambayo inasomwa hadi leo. Kitabu hicho hakikuandikwa kumjibu Vint. Lakini msomaji anayeviweka viwili hivyo bega kwa bega hana haja ya kuelezwa kipi kilichokuwa karibu zaidi na ukweli.

Mashine na Kinachopimwa

Ni muhimu kutofautisha baina ya makosa ya 1934 na teknolojia ya leo. MRI haikati wala haikaushi kitu. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji yana haidrojeni. Mgonjwa anapolazwa ndani ya sumaku kubwa, viini vya haidrojeni hujipanga kwa kuifuata sumaku hiyo. Mawimbi ya redio huvishtua, kisha vikaachwa virudi katika hali yake. Namna vinavyorudi, na muda unaochukuliwa, hutofautiana baina ya tishu ya kijivu, tishu nyeupe na maji yanayouzunguka ubongo. Kwa tofauti hiyo picha huchorwa.

Nguvu ya sumaku hupimwa kwa Tesla. Mashine nyingi za hospitali huwa na Tesla 1.5 au 3. Hapa ndipo fundo la kwanza linapoanza, kwa sababu muda wa kutulia kwa tishu ile ile hubadilika nguvu ya sumaku inapobadilika. Kwa hivyo tarakimu ya muda huo isiyotaja nguvu ya sumaku ni mithili ya bei isiyotaja sarafu.

Fundo la pili ni la mbinu. Mwaka 2015 Nikola Stikov na wenzake walizilinganisha mbinu tatu maarufu za kupima muda huo. Zilipotumiwa kupima vimiminika vilivyotengenezwa maabarani, zilikubaliana vyema. Zilipotumiwa kupima ubongo wa watu walio hai, zilitofautiana, pengine kwa zaidi ya asilimia 30. Funzo lake ni zito: mizani inaweza kufaulu mtihani wa dukani, kisha ikashindwa sokoni. Kufanana kwa majibu katika chupa hakuthibitishi kufanana kwake katika kichwa cha mtu.

Usahihi, Uthabiti na Ulinganifu

Katika mazungumzo ya kawaida husemwa tu kwamba kipimo kinaaminika au hakiaminiki. Neno hilo moja linabeba mambo matatu ambayo hayana budi kutenganishwa, na Kiswahili kina maneno ya kuyatenganisha.

Jambo la kwanza ni usahihi, yaani ukaribu wa jibu na ukweli. La pili ni uthabiti, yaani kutoa jibu lile lile mtu yule yule anapopimwa tena na mashine ile ile. La tatu ni ulinganifu, yaani kukubaliana kwa mashine mbalimbali, hospitali mbalimbali na programu mbalimbali.

Wazee wa Pwani waliyaelewa mambo haya kabla ya kuja kwa sumaku. Pishi ni vibaba vinne. Mchuuzi mwenye pishi iliyowekewa kitako kinene ndani yake atapima nafaka kwa uthabiti kamili: kila mteja atapunjwa kiasi kile kile. Pishi hiyo ina uthabiti lakini haina usahihi. Vivyo hivyo, nguo iliyopimwa kwa mkono wa mtu mfupi na ile iliyopimwa kwa mkono wa mtu mrefu huandikwa mikono minne zote mbili, ilhali hazilingani. Hapo kinachokosekana ni ulinganifu. Mnunuzi mwerevu alidai kipimo kimoja, mkono mmoja, na shahidi.

Na ichukuliwe mfano wa mzee wa Frere Town ambaye ameanza kusahau majina ya wajukuu zake. Anavushwa hadi kisiwani, anapigwa picha, na ujazo wa ubongo wake unaandikwa. Mwaka unaofuata anapelekwa hospitali nyingine yenye mashine nyingine. Taarifa ya pili inasema ubongo umepungua kwa asilimia 3. Je, kweli umepungua?

Hesabu za takwimu zinalo jibu. Ikiwa hitilafu ya kawaida ya kipimo, kila kinaporudiwa, ni asilimia 1.5, basi tofauti baina ya vipimo viwili haina budi kuzidi mara 2.77 ya hitilafu hiyo, yaani takriban asilimia 4.2, ndipo mtu aweze kudai, kwa imani ya asilimia 95, kwamba mabadiliko yametokea. Asilimia 3 za mzee huyo zimo ndani ya mtikisiko wa mizani. Huenda ubongo umepungua. Huenda haukupungua hata kidogo. Taarifa iliyoandika asilimia 3 bila ya kutaja hitilafu yake haikusema uongo, lakini imenyamazia nusu ya ukweli.

Gharama ya ukimya huo haiishii hospitalini. Sheria ya Urithi ya Kenya humruhusu mtu kuandika wosia iwapo ana akili timamu. Mzee huyo huenda ndiye pekee anayejua mpaka wa kiwanja cha familia ulipita wapi, na nani alipewa nini. Karatasi yenye asilimia 3 ikiingia mikononi mwa ndugu wanaogombania kiwanja, haitachelewa kutolewa kama ushahidi kwamba maneno ya mzee si ya kutegemewa. Kengele itakuwa imelia pasipo na adui, na mwenye nyumba ndiye atakayekamatwa.

Maji, Mtikisiko na Tarakilishi

Wapo watakaodhani kwamba hitilafu za namna hiyo ni za kubuni tu. Ushahidi uliochapishwa unaonyesha kinyume. Mambo matatu yanatosha kuwa mfano.

La kwanza ni maji. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba watu wazima wenye afya waliokaa saa 16 bila ya kunywa kitu walipungukiwa na ujazo wa ubongo kwa wastani wa asilimia 0.55, na ujazo huo ukarudi walipokunywa maji. Kiasi hicho si kidogo, kwa kuwa mtu mzima mwenye afya hupoteza takriban asilimia 0.2 hadi 0.5 ya ubongo wake kwa mwaka mzima. Katika mwezi wa Ramadhani mfungaji wa Mombasa hukaa bila maji kwa saa 13 hivi, tena katika joto. Hata kama athari kwake itakuwa ndogo kuliko ile ya Ujerumani, mgonjwa aliyepimwa Shaabani saa nne asubuhi akiwa amekunywa chai, kisha akapimwa Ramadhani jioni, hakupimwa katika hali moja. Ni taarifa ngapi zinazotaja saa ya kipimo na kama mgonjwa alikuwa amefunga?

La pili ni kutikisika. Mgonjwa hulala ndani ya mlio mkubwa kwa dakika nyingi. Mtoto, mzee mwenye kutetemeka, au mtu mwenye hofu hawezi kutulia kama kijana aliyejitolea kwa utafiti. Utafiti wa Martin Reuter na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, ulithibitisha kwamba mtikisiko wa kichwa huufanya ujazo na unene wa tishu ya kijivu uonekane mdogo kuliko ulivyo. Hatari yake ni dhahiri: wanaotikisika zaidi ni wagonjwa, na kwa hivyo maradhi huongezewa ukubwa ambao si wake.

La tatu ni tarakilishi. Picha haijipimi, programu ndiyo huipima. Mwaka 2012 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walizipitisha picha zile zile katika matoleo tofauti ya programu maarufu ya FreeSurfer, na katika tarakilishi za aina tofauti. Hitilafu za ujazo wa sehemu za ubongo zilifikia wastani wa asilimia 8.8, na zile za unene wa gamba asilimia 2.8. Hakuna mgonjwa aliyeitwa tena, wala sumaku iliyowashwa upya. Kilichobadilika ni programu na chombo cha kuiendeshea.

Ubongo wa Nani Ndio wa Kawaida?

Hata pale ambapo usahihi na uthabiti umepatikana, swali la tatu lingali linasubiri. Tarakimu haina maana mpaka ilinganishwe na ya watu wenye afya. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha chati za ukuaji wa ubongo wa binadamu tangu tumboni hadi uzeeni, zilizojengwa kwa picha 123,984 za watu zaidi ya 100,000. Ni kazi kubwa na ya kusifiwa. Lakini watafiti wenyewe walikiri kwamba picha nyingi zilitoka Ulaya na Marekani Kaskazini, na kwamba sehemu nyingine za dunia, Afrika ikiwamo, ziliwakilishwa kwa uchache.

Msomaji asidhani kwamba hoja hapa ni kuwa ubongo wa Mwafrika ni wa namna yake. Hilo ndilo kosa la 1934 lililogeuzwa nje ndani. Hoja ni kwamba ujazo wa ubongo hufuata kimo, lishe, maradhi ya utotoni, elimu na umri, na mambo hayo hayafanani baina ya mji na mji. Wakazi wa Frere Town wenyewe ni ushahidi: wapo wenye asili ya Kiyao na Kinyasa, wapo Wamijikenda, Waswahili, na waliohamia kutoka bara. Kuwaita wote kwa jina moja la Mwafrika, kisha kuwalinganisha na wastani wa mji wa Ulaya, ni kurudia uvivu ule ule wa fikra, hata kama nia ni njema.

Hoja za Upande wa Pili

Wapo wanaotetea matumizi mapana ya vipimo hivi kwa hoja zenye uzito. Wanasema kwamba jicho la daktari nalo hukosea, na tarakimu angalau huondoa upendeleo. Hoja hiyo ina ukweli, ila inasahau kwamba upendeleo huweza kujificha ndani ya tarakimu pia, na ukijificha humo huwa mgumu zaidi kuonekana.

Wanasema vilevile kwamba Afrika haina anasa ya kungojea vipimo kamilifu huku wagonjwa wakifa. Hoja hii ndiyo yenye nguvu zaidi, na mfano wake bora unatoka Malawi, nchi ambayo baadhi ya mababu wa Frere Town walitekwa kutoka pande zake. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, mashine ya MRI yenye nguvu ya Tesla 0.35 pekee ilitumiwa kuwachunguza watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 na kikundi cha Profesa Terrie Taylor. Kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa wamevimba ubongo vibaya walipolazwa. Kati ya 143 waliopona, wenye uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39. Sumaku dhaifu iliwafunulia madaktari jinsi malaria inavyowaua watoto.

Lakini mfano huo hauipingi hoja ya makala haya, unaithibitisha. Uvimbe uliotafutwa Blantyre ulikuwa mkubwa kuliko hitilafu ya kipimo. Wasomaji wa picha walikubaliana mapema juu ya daraja za uvimbe. Watoto walilinganishwa na watoto wenzao wa mahali pale pale. Mizani ya mchuuzi wa nafaka yafaa kupimia gunia la mchele, haifai kupimia dhahabu. Uaminifu wa kipimo hautokani na ukubwa wa mashine, bali na ulinganifu wa kipimo na swali linaloulizwa.

Vivyo hivyo yasemwa kuhusu mashine ndogo zinazoenea sasa. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, akiwamo Johnes Obungoloch, kwa ushirikiano na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliiunganisha pale pale chuoni mashine ya MRI yenye nguvu ya takriban Tesla 0.05, ikikusudiwa hasa watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Kwa maradhi hayo, ambapo maji huonekana dhahiri, chombo hicho kinaweza kuwa baraka kubwa. Akija mtu akadai kupima kwacho upungufu wa nusu asilimia, hapo ndipo pa kumwuliza ushahidi.

Wajibu wa Hospitali na wa Wanafunzi wa Kiswahili

Kutokana na hayo yaliyojadiliwa, taarifa yoyote ya MRI yenye tarakimu yapasa kutaja mambo manne: nguvu ya sumaku, programu na toleo lake, saa na hali ya mgonjwa alipopimwa, na hitilafu ya kipimo kando ya kila tarakimu. Mgonjwa anayefuatiliwa apimwe kwa mashine ile ile kila inapowezekana. Kila hospitali inayotoa tarakimu iwapime watu wachache wenye afya mara mbili, kwa ridhaa yao, ili iujue uthabiti wa mashine yake badala ya kuazima sifa za mashine ya nchi nyingine. Na Pwani, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kimekuwako Kilifi tangu mwaka 1989 kikichunguza malaria kali na kifafa miongoni mwa mambo mengine, haikosi wataalamu wa kuanzisha vipimo vya kulinganishia vya watu wa hapa.

Masharti hayo hayaponi bila ya lugha. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 humtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, kila inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Taarifa za picha huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Familia ya Frere Town huipokea bahasha, hutafuta kijana aliyesoma, naye husoma, kisha husema: "Baba, wanasema ubongo umepungua." Neno "labda" halimo. Neno "takriban" halimo. Yameanguka njiani baina ya lugha mbili.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata kazi. Tangu mwaka 1990 ipo kamusi sanifu ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia, kwa hivyo si kweli kwamba lugha hii haina msingi wa kuyasema mambo ya sumaku na tishu. Kinachokosekana ni msamiati wa mashaka: namna sanifu ya kusema kwamba jibu linajulikana kwa kiasi fulani na halijulikani kwa kiasi fulani. Maneno usahihi, uthabiti, ulinganifu na hitilafu yapo, lakini katika vitabu vingi hutumiwa kwa kubadilishana kana kwamba ni visawe. Yakitengewa maana zake, yakafundishwa shuleni na vyuoni vya uuguzi, na yakaingia katika karatasi anayopewa mgonjwa, familia itaweza kuuliza swali linalofaa. Kuuliza si ujinga. Lakini asiye na neno la kuulizia hunyamaza.

Hitimisho

Makala haya hayakusudii kuitia doa MRI wala kumkatisha tamaa mgonjwa anayeihitaji. Uvimbe, damu iliyovuja na maji yaliyozidi huonekana kwa mashine hiyo, na kuonekana kwake huokoa roho. Kinachohojiwa ni desturi ya kuitukuza tarakimu kwa sababu tu imetoka katika mashine ghali. Mwaka 1934 tarakimu za ubongo zilipokewa bila ya kuulizwa zilivyopatikana, na taifa zima likadhalilishwa kwazo. Leo nia ni njema na vyombo ni bora, lakini maswali ni yale yale, na anayepaswa kuyauliza ni yule yule anayepimwa.

Ni matumaini ya makala haya kwamba wataalamu wa tiba na wataalamu wa lugha watakutana juu ya jambo hili, ili mzee wa Frere Town atakapokabidhiwa karatasi yake aambiwe kwa Kiswahili fasaha yaliyojulikana, na yasiyojulikana bado. Wakazi wa kwanza wa mtaa huo hawakupewa kengele peke yake. Walifundishwa pia sauti yake, na wakajua lini wakimbie na lini waendelee na kazi zao.